Sahani ya Mama Chui

Wiki iliyopita, baada ya kazi, nilijikuta Bellevue, mtaa niliokulia, bila kupanga. Kutwa nzima nilikuwa nimesimama kwenye jumba la sanaa, nikiwaeleza wageni picha za Kimarekani: tai aliyeshika mishale kwa kucha, nyati ambaye wenyeji wa kule walikuwa wakimchora juu ya ngozi tangu kabla Wazungu hawajafika. "Mnyama huyu," nilisema, kama nilivyofundishwa chuoni, "ni jibu la swali: ninyi ni nani?" Mama mmoja akatabasamu. "Na kwenu ni mnyama gani?" Nikacheka tu. Jioni hiyo ndipo miguu ikanipeleka Bellevue.

Nisikilize, msomaji, maana wewe utanielewa.

Nyumba yetu ya Bellevue iligawanywa vyumba, kila chumba familia moja, na milango haikuwa na namba. Bibi yangu, mtu wa Tanga, alitarizi twiga kwenye kitambaa cheupe akakitundika mlangoni. Jirani wa kushoto, msusi kutoka Kongo, akajibu kwa chui. Warundi wa mwisho wa korido wakaleta ng'ombe wa pembe ndefu. Basi tukaitana hivyo. Ramadhani ikiingia, mimi ndiye niliyekuwa mbeba sahani: "Peleka kwa Chui, na usimwage tui!" Mihogo ya nazi ilikwenda, sombe, kisamvu cha kwao Kongo, ikarudi, kwani kwa bibi sahani ya mtu hairudi tupu.

"Weye mutoto wa Twiga, kuya!" Mama Chui aliniita, vidole vikiwa kwenye nywele za mteja. "Ile shingo yote ya bibi yako ni ya kunusa sufuria yangu?"

"Mwambie aoge kwanza," bibi alijibu toka ndani, "madoa gani hayo!"

Korido nzima ilicheka.

Kisha ikaja ile wiki ambayo makundi ya wenyeji yalipita nyumba kwa nyumba yakifukuza wageni. Bibi alimshusha twiga, akamkunja chini ya godoro, akatuambia watoto tuzungumze Kizulu tu, kama wenyeji, tena kwa sauti. Mimi nilizaliwa hapa. Kizulu changu hakikuwa na kasoro. Mama Chui alikataa kumshusha wake.

"Nikimutoa, nitakuwa nani?"

"Utakuwa hai, mwenzangu," bibi akamsihi.

Kwetu hakuna aliyegonga. Lakini asubuhi moja chumba cha Mama Chui kilikuwa wazi, kimefagiwa, msumari mtupu mlangoni. Alikuwa ameondoka na chui wake. Sahani yake ya maua mekundu ilibaki kwetu, bibi akiwa bado anangojea nazi nzuri ya kupikia mihogo ya kuijaza.

Nimelifikiria hili mpaka kichwa kinauma. Je, kama ningesema tupeleke hata wali mkavu? Kama Kizulu changu kingekuwa kibovu kidogo, nami nikaogopa pamoja naye? Najua sikufanya kosa. Kujua hakusaidii.

Wiki iliyopita, nilipoingia kwenye ile korido, nilikuta milango yote imepakwa rangi moja ya maziwa, na namba za chuma. Harufu ya sombe hakuna.

Sasa naishi na bibi mtaa wa pili, Yeoville. Twiga bado analala chini ya godoro. Ramadhani ikifika, bibi huitoa ile sahani, huiosha, huipakulia mihogo, halafu hunitazama mimi, mbeba sahani. Nami husimama nayo, inaniunguza vidole, nisijue niipeleke mlango gani.