Kumusindikiza Mama Ornella Mupaka kwa Daraja

Vijana wangu, nyinyi mwenye mutasoma hii, batoto wa nyumba yangu na bale wa nyumba za jirani hapa Mudzipela, mukae chini vizuri. Koko yenu, bibi yenu huyu, hana maneno ya kupamba. Nawaambia jambo moja, na mutalishika.

Siku ile ninayokumbuka sikuwa hapa Bunia. Nilikuwa Italia, mu muji wanaita Verona, kwa binti yangu Furaha. Furaha alisomea uuguzi kule Nyankunde, kisha akaolewa na Paolo, kijana Muitalia mwenye alikuja huku Ituri kuchimba visima vya maji. Ndoa ilifanywa hapa. Ngombe zilitolewa, batu walikula, walicheza. Lakini mama ya Paolo, Mama Ornella, hakuona kitu. Mwaka ule njia zilikuwa mubaya, ndege zilikuja zikitaka, na bale wawili hawakumungojea. Mwanangu, kuoza mutoto wa mutu bila mama yake kuona, ile ni kumuchoma. Yeye hakupiga kelele. Alikaa kwake tu. Walipohamia Verona, muji wake mwenyewe, yeye akiishi ngambo ya mutoni, hakukanyaga nyumba yao hata mara moja.

Nilikwenda kule kwa sababu Furaha alikuwa amezaa mutoto mwanamuke. Ubatizo ulipangwa siku ya Mungu, Jumapili. Nikauliza, "Koko yake mwengine atakuja?"

Furaha akaangalia chini. "Maman, sijui. Paolo alimwita, hakujibu."

"Basi mutoto ataingia kanisani na upande mumoja tu, kama hana baba?"

"Maman, huku si Bunia."

"Nimeona," nikamujibu. "Huku batu wanapishana kwa ngazi ya nyumba moja na hawasalimiane."

Katikati ya wiki ile, mutu akagonga. Alikuwa mwanamuke mwembamba, nywele nyeupe, amevaa koti, na mukoba wa ngozi mukononi. Ndiye alikuwa Mama Ornella. Alileta nguo ya ubatizo, nyeupe, ile Paolo alivaa akiwa mutoto. Akaiweka mukononi mwa Furaha, akamuchungulia mutoto kwa mbali. Furaha akamwambia aingie. Yeye akatingisha kichwa, akasema neno fupi, akageuka kushuka. Na Furaha, mutoto mwenye nilimulea na mikono hii, akashika mulango apate kuufunga.

Hapo nikamukumbuka koko yangu miye, mama ya baba, kule Djugu nikiwa kisichana. Siku moja mukwe wake alikuja juu ya mupaka wa shamba la maharagi. Wakasemana mupaka majirani wakatoka inje kusikiliza. Ule mama aliposimama kwenda, koko naye akasimama, akamupokea kikapu, wakatoka pamoja, kila mumoja amefunga kinywa kama mutu mwenye jino linamuuma. Shangazi yangu akabaki kwa kiti, anacheka. Koko aliporudi, shangazi akamuuliza, "Mama, sasa unasindikiza adui?"

Koko akamusimamia mbele. "Nimemukasirikia. Sijamufukuza. Weye unabaki kwa kiti, ile ndiyo kumufukuza."

Siku ile shangazi alipika mupaka mwisho bila kukaa.

Kwa hiyo, kule Verona, nikafunga kitenge changu nguvu, nikamupita Furaha kwa mulango, nikateremuka. Munajua vile siye tunafanya: ukisindikiza mugeni, unamupokea muzigo, yeye anatembea mikono mitupu. Nikashika mukoba wa Mama Ornella. Ee! Akauvuta. Nami nikauvuta. Akauvuta tena na macho yakamutoka.

"Maman, achia!" Furaha akalia kule juu. "Anafikiri unamwibia!"

"Mwambie ninamusindikiza!"

"Huku hawafanyake vile!"

"Nimekuomba kumwambia, sikukuomba shauri."

Furaha akasema Kiitalia chake, kirefu. Mama Ornella akaniangalia kutoka kilemba mupaka viatu. Kisha akauachia mukoba.

Tukatoka. Yeye hajui Kiswahili, miye sijui Kiitalia, na kila mumoja alikuwa na mambo yake moyoni. Karibu na nyumba kuna uwanja mukubwa wa duara, wa mawe, wenye matao kuzunguka, ulijengwa na batu wa zamani kabisa. Yeye akauonyesha na kidevu: "Arena." Nami nikasema "Arena." Mwalimu amefundisha, mwanafunzi amejibu. Tukashika njia ya mawe laini yenye kungaa, maduka ya viatu huku na huku, tukatokea mu soko yenye miavuli mikubwa nyeupe. Pale nikaona avoka, parachichi. Batoto wangu, avoka ile ilikuwa ndogo kama yai, na wameipanga vizuri kama mutu wa heshima. Nikasimama nikacheka. Nikamuonyesha Mama Ornella na mikono miwili vile avoka za kwetu ziko. Hakusadiki. Nikaonyesha tena. Akacheka kidogo, akafunika kinywa haraka, kama mutu mwenye amekumbuka kwamba iko na hasira.

Kutoka pale njia zinakuwa nyembamba, kuta ndefu, nguo zinakauka kwa madirisha. Alitembea pole, juu ya goti lake lililokuwa linamusumbua, nami nikapunguza mwendo bila kumwangalia. Mwishoni tukafika kwa mutoni, maji ya mbio, rangi ya kijani, na daraja ya zamani, sehemu moja mawe meupe, ingine matofali mekundu. Furaha aliniambia baadaye kwamba daraja ile ilivunjwa wakati wa vita, na batu wakaingia mu maji kuokota mawe yake, wakaijenga tena. Siye mwenye tumeona vita tunajua kazi ile.

Sasa, kwetu hauvuke maji na mugeni. Ukifika kwa mutoni unamurudishia muzigo, ngambo ni ya batu wake. Nikamupa mukoba na mikono miwili. "Kwenda salama, mukwe wangu." Nikageuka.

Sikwenda mbali, nikasikia viatu nyuma. Mama Ornella akanishika mukono. Akaonyesha njia zile, akanionyesha miye, akazungusha kidole hewani: utapotea. Na kweli ningepotea, njia za kule zote zina uso mumoja. Basi akanirudisha yeye, na goti lake lile, tukapita soko, tukapita Arena, mupaka kwa mulango wa chini. Akataka kuondoka.

Lakini mwanangu, fikiri. Mugeni iko kwa mulango wetu, na anakwenda. Ningefanya nini? Nikashika mukoba.

Aliniangalia. Akaangalia mukoba, akaangalia njia yote ile. Kisha akakaa kwa ngazi, akacheka mupaka machozi, na machozi hayakukauka kicheko kilipokwisha. Nikakaa kando yake. Nilimushika tu mugongo.

Furaha akashuka mbio na mutoto mikononi. "Maman, mulikuwa wapi? Nilikuwa karibu kuita polisi!"

Mama Ornella akasema naye. Furaha akasikiliza, akanigeukia. "Anasema, mwambie mama yako aache. Ataingia. Tukiendelea hivi, tutafia njiani." Akamuhamisha mutoto kwa mukono mwengine. "Anasema tena, tangu bwana yake alikufa, hakuna mutu alitembea naye mupaka kwa daraja."

Akaingia. Akakunywa kahawa, akamupakata mutoto mupaka kitambaa cha mutoto kikalowana, na hakutaka kumurudisha. Siku ya Mungu alisimama upande mumoja wa maji ya ubatizo, nami upande mwengine.

Sasa musikie vizuri. Furaha hakuwa mutoto mubaya. Alifikiri mutu akikataa kuingia, mambo yamekwisha. Hayajakwisha! Kuna maneno mutu anashindwa kusema akikaa mbele yako uso kwa uso. Mukitembea, kila mumoja anaangalia mbele, yanatoka pole pole. Hata yakikosa kutoka, ameona kwamba haumutupi. Kwa hiyo mugeni akisimama, usimame. Mumepatana ao mumegombana, usimame. Usimuage ukiangalia telefone. Usiseme utamutumia message kesho. Vaa viatu, mupokee muzigo, tembea naye.

Mungu awape miguu isiyochoka upesi. Awape bakwe wenye kurudi kwenu, na batoto wenye kujua koko zao wote wawili, hata kama maji makubwa iko katikati.

Na hapa kwangu, bakwe wa mujukuu wangu Désiré walikuja kutoka Ariwara juu ya maneno ya ndoa, na maneno yalitoka mubaya. Kesho wanarudi kwao. Asubuhi hii nimesema mbele ya nyumba yote: wakisimama kwenda, mutu asiite moto, pikipiki ya kubeba batu, ije kwa mulango. Désiré, weye mwenyewe utatembea nao mupaka kwa barabara kubwa, hata kama wamekujibu hapana.