Beringi Mbovu Niliweka Mimi, Lawama Akabeba Mama wa Petroli

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia sababu, maana sababu nimeshajitafutia mwenyewe mpaka zimeniishia. Mimi ni fundi magari hapa Kigoma, na kwa uongo wangu mama mmoja asiye na hatia leo hayaamini macho yake wala pua yake.

Jina langu niachie. Kama unakaa Kasingirima na umeshanitambua, nakuomba ukae nalo moyoni!

Sifa yangu ni masikio. Gari ikiletwa, nachukua bisibisi ndefu, ncha naiweka kwenye injini, mpini naubana sikioni, kisha nakwambia ugonjwa uko wapi. Watu wa mjini wananiamini kwa hilo. Aliyeniamini kuliko wote ni baba mkwe wangu, mzee wa Ujiji anayefuata mawese Ilagala kwa gari yake.

Injini ya gari ile ilikuwa imechoka, akaniletea niifungue yote. Vipuri tukaagiza Dar. Mimi kwa kutaka sifa ukweni nikamwambia, "Baba, Ijumaa hii utakwenda msikitini na gari yako." Nani alinituma kuahidi? Mdomo huu!

Alhamisi nikiwa naifunga injini, beringi moja ya pistoni ikaniponyoka. Usifikirie zile beringi za gurudumu zenye gololi. Hizi ni vipande vyembamba vilivyopinda, vinakaa kati ya mkono wa pistoni na kombo, ule mtaimbo unaozungushwa na pistoni, chuma kisisage chuma. Ilianguka sakafuni, na mimi narudi nyuma kuitafuta nikaikanyaga. Ikapinda.

Kuagiza nyingine ni kusubiri basi kutoka Dar, na Ijumaa ni kesho. Nikainama kwenye karai la vyuma chakavu, nikaiokota ile ya zamani niliyoitoa, nikaisugua kwa msasa, nikairudisha. Msasa kwenye beringi, jamani! Fundi yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa.

Ijumaa mzee alikwenda msikitini na gari yake. Nilisifiwa hadi mke wangu akawa anatembea kwa maringo. Sifa zile hazikukaa sana.

Asubuhi moja nikasikia gari inakuja gereji, na kabla sijaiona nilijua. Ngo, ngo, ngo. Sikiliza nikufundishe, walau upate faida kwenye aibu yangu. Mlio mwembamba wa juu, tiki tiki tiki, mara nyingi ni tapeti za valvu, unaweza ukafika nao kwa fundi. Mafuta mabaya hulia chirichiri ukipandisha mlima, ukiachia gesi yananyamaza. Lakini mlio mzito wa chini, ngo ngo ngo, unaoongezeka kadiri unavyokanyaga gesi, hiyo ni beringi. Hapo unazima gari palepale ulipo, unaivuta kwa kamba. Huendeshi hata hatua moja!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Hebu sikiliza, kuna mtu anabisha hodi humu ndani."

Nikachukua bisibisi, nikasikiliza. Ilikuwa pistoni ileile.

Sasa elewa kitu kimoja. Kwetu mkwe hagombezwi. Mzee angeona heri anywe sumu kuliko kuniambia mbele ya vijana wangu kwamba kazi yangu mbovu. Basi akageuza uso, akawa anaangalia tairi, akasema taratibu, "Au ni mafuta, mkwe? Juzi yaliniishia Bangwe, nikanunua kwa yule mama wa ufukweni."

Ilikuwa heshima tu. Alinifungulia mlango ili nisiaibike, nami ningeweza kusema, "Hapana baba, niachie gari, kuna kitu nilikosea." Asingeuliza mara mbili. Lakini nikaingia mlango ule mbio!

"Ndiyo, baba. Umewekewa mafuta ya boti."

Wa ziwani mnajua. Petroli ya injini za boti huchanganywa na oili. Mama Yusta, muuza petroli wa Bangwe, alikuwa na madumu ya njano ya petroli tupu kwa ajili ya magari na bodaboda, na ya bluu yenye mchanganyiko kwa wavuvi. Uongo wangu ukakaa vizuri kabisa. Mafuta ya boti yangetoa moshi, na gari ile haikuwa na moshi hata kidogo, ila hakuna aliyeuliza moshi uko wapi.

Nilipokwisha kutamka, ikabidi nitende. Nikamwaga tangi lote huku natikisa kichwa na watu wananitazama. Kisha nikafanya ubaya mwingine: nikatoa oili nzuri, nikaweka nzito kupita kiasi ili mlio ufifie. Ukafifia! Mzee akacheka kwa furaha. Mimi sikucheka, maana nilijua oili nzito ikipata moto inakuwa nyepesi na yule mbisha hodi anarudi.

Nilidhani yataishia hapo. Mzee akasema lazima twende Bangwe, yule mama aonywe asije akawaharibia na wengine. "Na wewe mkwe uje, wewe ndiye fundi." Ningekataaje?

Tulimkuta amekaa kwenye kibenchi chake. Akatupokea kwa uchangamfu, akatuamkia kwa Kiha, "Mwakeye, wanangu!" Mzee akaeleza. Mama Yusta akasimama.

"Mimi? Ya njano gari, ya bluu boti, miaka yote! Na hata ukinifunga kitambaa usoni nanusa tu nakwambia ipi ni ipi."

Wavuvi walishaanza kusogea. Mzee akanionyesha kwa mkono. "Fundi ni huyu, mama."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira hata chembe. "Haya mwanangu, wewe ndiye unayejua. Unasemaje?"

Ee Mungu wangu! Huku mkwe, huku mama wa watu, nyuma yangu kundi. Nikasema, "Mama, pengine ulichanganya bila kujua. Macho nayo huchoka."

Watu wakanisifu kwa upole wangu. Mmoja alisema fundi ana hekima huyu. Mama Yusta akakaa chini, akawa anayatazama madumu yake moja baada ya jingine.

Baada ya hapo mzee akataka nimsindikize Ilagala kufuata mawese, eti nikiwepo moyo wake unatulia. Kwenda tulikwenda salama. Kurudi, gari imebeba madumu ya mawese, jua kali, injini imechemka, nikasikia. Ngo. Kwa mbali. Ngo, ngo.

Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, pembeni yake. Neno lilikuwa moja tu: zima. Lakini nikisema zima, ataniuliza kwa nini, na tangi nilishalimwaga mwenyewe. Nitamsingizia nani tena njiani, mbuzi? Jasho lilinitoka hadi kwenye vidole vya miguu. Mzee alikuwa amefungua redio, kaswida inaimbwa. Nikanyoosha mkono nikaongeza sauti.

Haikufika mbali. Injini ilipiga kishindo kimoja, ikakata. Tuliposhuka, mkono wa pistoni ulikuwa umetoboa ubavu wa injini na oili inachuruzika barabarani. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza tena. Mzee alisimama pale, kofia mkononi, akasema polepole, "Yule mama ametumaliza. Kumbe mafuta yake yalishaila injini."

Nami nikasema, "Ndiyo, baba." Nilisema hivyo! Mara ya pili!

Gari iliuzwa kama chuma chakavu. Habari ikazunguka Ujiji yote, na bodaboda wakaacha kununua kwa Mama Yusta, kisha hata wavuvi. Mke wangu akipata mgeni humsimulia jinsi mama wa Bangwe alivyoua gari ya baba yake. Mimi nakaa hapohapo, nammiminia mgeni chai.

Unadhani hilo ndilo linaloniua? Subiri. Siku moja Mama Yusta alikuja gereji. Nikajua amekuja kunitukana, na kwa kweli nilifurahi, nikasema moyoni heri anitukane yaishe. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, nimekuja kuomba radhi. Nimewaza sana. Itakuwa nilichanganya kweli, uzee huu. Nilikuaibisha mbele ya mkweo."

Nikamjibu, "Yamepita, mama."

Yamepita! Kinywa hiki hiki!

Siku hizi anauza kidogo tu, kwa majirani wachache waliomwonea huruma. Na kila asubuhi, kabla hajaanza kuuza, anapanda kutoka ufukweni na chupa ndogo mkononi. "Nusa, mwanangu. Hii ni safi, au ya boti?" Mwanamke aliyekuwa ananusa hata amefungwa kitambaa! Nanusa. Huwa ni safi. Haijawahi kuwa vinginevyo. Namwambia, "Safi, mama," naye ananiombea baraka, anashuka zake.

Nikimwambia kweli, mkwe atajua, mke wangu atajua, mji mzima utajua, na gereji ndiyo inayotulisha. Nisipomwambia, atakuja tena. Sina pa kutokea, ndugu yangu, na mlango nilijifungia mwenyewe kwa ndani.

Basi wewe unayesoma, fundi au dereva au mtu yeyote, jifunze kwangu. Injini ikigonga kutoka chini, zima palepale, hata kama amekaa mkweo pembeni. Na mtu akikufungulia mlango wa heshima ili usiaibike, tazama kwanza nani amesimama nyuma ya mlango huo, usije ukampiga nao. Sema "nimekosea" siku ileile ya kwanza, lingali neno dogo!

Mimi niliongeza sauti ya redio. Na kesho asubuhi Mama Yusta atakuja na chupa yake.