Kopo la Vifungo na Kopo la Misumari

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mkono wa Birika. Wanamwonea. Ni kweli hatupi kifungo wala zipu, na shati likichakaa hulifumua akashonea mifuko ya suruali. Lakini uzi hununua ule wa bei kubwa kuliko wote, na nguo yake haijapata kumfumukia mtu barabarani.

Seremala wa mlango wa pili, mgeni mtaani aliyefiwa na mkewe miaka mitano nyuma, alianza kuleta suruali zisizo na kasoro zikarekebishwe. Shangazi akawa anaimba kwenye cherehani. Nilifurahi, maana upweke ulikuwa umemchosha. Aliogopa jambo moja tu, kwamba seremala angelisikia lile jina akakimbia.

Kwa hiyo Jumapili aliyomwalika chai, alitundika mapazia mapya, akasukuma kopo lake la vifungo uvunguni, akawasha taa zote mchana kweupe. Seremala akaja na zawadi: kigoda cha mbao mpya tupu, misumari inang'aa.

"Vipande vilivyobaki umeviweka wapi?" shangazi akauliza.

"Nimevichoma moto," akajibu kwa maringo. "Mimi sihangaiki na vipande, bibie."

Shangazi akanywea. Seremala naye akatazama taa, akatazama mapazia, akamaliza chai upesi na kuaga. Kofia akaisahau.

"Mtu anayechoma mbao nzima nitaishi naye vipi?" shangazi akaniambia, machozi yakimlengalenga. "Basi, yameisha."

Nilipeleka kofia karakana. Nikamkuta mwenyewe ameinama, anagonga msumari uliopinda ili aunyooshe. Kando yake palikuwa na kopo la misumari ya namna hiyo, na vipande vya mbao vimepangwa kwa urefu mpaka darini. Alishtuka akaficha nyundo mgongoni.

"Usimwambie shangazi yako, ataniona fukara," akasema. "Ingawa simwezi yule. Taa mchana, mwanangu?"

Nilicheka hadi nikaegemea mlango. Nilirudi nyumbani, nikavuta kopo la vifungo uvunguni, nikamshika shangazi mkono hadi karakana, nikalitua mezani kando ya lile la misumari.

Walitazama makopo yote mawili. Kisha shangazi akaokota msumari mmoja, akaukagua kwa jicho la fundi.

"Huu bado umepinda," akasema, akavuta kigoda cha pale karakana akaketi. "Nipe nyundo."