Jina la Mkaa Mlangoni kwa Namnyaki

Hiki nitakachokusimulia hutakiamini, nakuambia mapema usije ukanidai kiapo. Hata mwinjilisti wetu nilipomsimulia alininusa mdomo kwanza. Lakini panda Olmotonyi, kule juu misonobari inapoanzia, ulizia kwa Namnyaki, mke wa kaka yangu Loishiye. Mlango wake una maandishi ya mkaa. Yasome, kisha urudi uniite mwongo.

Namnyaki alizaa watoto wanne, akazika mmoja. Aliyezikwa alikuwa kifungua mimba wake, kijana wa darasa la sita, mpole, mcheshi, aliyechukuliwa na maji ya korongo siku ya masika. Loishiye ndiye aliyemtuma avuke kumtafuta mtamba aliyepotea. Mtamba alirudi mwenyewe jioni ileile, tumbo limejaa majani. Kijana walimleta kesho yake, kwenye machela ya matawi.

Wakamlaza nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na siku hiyohiyo jina lake likafungiwa. Ndiyo mila waliyoikuta wazee wetu: kijana akifa, jina lake halitajwi tena bomani, maana ukimwita ataitika, na akija haondoki mikono mitupu. Loishiye aliishika mila hiyo kwa meno. Msalaba wa mbao ukasimama mtupu. Hata mama mtu, aliyekuwa akiitwa kwa jina la mtoto huyo, majirani waliamka wakamwita Mama Silantoi, kwa jina la binti anayefuata, kana kwamba yule wa kwanza hakuwahi kunyonya.

Sasa niambie wewe msomi, mtu asiyeitwa anakaa wapi?

Namnyaki alijua. Anakaa nje. Kila jioni ukungu ukishuka kutoka msituni, alisikia katambuga, vile viatu vya tairi, zikizunguka nyumba, chap, chap, juu ya majani makavu ya migomba, kisha zinasimama mlangoni. Hodi hakuna. Mbwa ananyanyuka, anatikisa mkia, anabaki kautazama mlango. Mbwa hamtikisii mkia mwizi. Alipokufa mbwa huyo, mwanawe, ambaye hakumjua kijana kabisa, akashika zamu ya kutikisa. Na Namnyaki yuko jikoni kashika mwiko, jina limemjaa mdomoni, halitoki. Ana watoto wengine, na sasa wajukuu. Akimwita, atamchukua nani?

Miaka ikaenda hivyo. Mpaka kanisani kwetu likatangazwa darasa la watu wazima wasiojua kusoma, Jumanne na Alhamisi mchana, kwenye chumba cha watoto wa Jumapili. Namnyaki akajiandikisha.

“Unataka ukawe karani wa nani?” Loishiye akamcheka.

“Wa kuku wangu,” akajibu, akajifunga kanga.

Mwalimu alikuwa Aika, mke wa mwinjilisti, mtu wa Machame, hajui ya kwetu. Utaratibu wake ni kwamba unaanza na jina lako, ukiliweza unaandika ya wanao.

“Una watoto wangapi, mama?”

“Watatu.”

Namnyaki aliposema watatu, benchi la nyuma, ambalo halikuwa na mtu, lililia kama linavyolia mtu anapoinuka. Wenzake waligeuka. Yeye hakugeuka. Alikuwa ameikodolea macho herufi ubaoni, L, ya kwanza aliyowahi kuijua. Mwanawe yule alimchorea kwenye majivu ya jiko akitoka shule: “Hii, mama, ni mguu na unyayo wake.” Miaka yote hiyo mguu ule ulikuwa umesimama, unasubiri.

Wengine walipoondoka alimfuata Aika. “Mwalimu, kuandika ni sawa na kusema?”

“Hapana, mama. Ukiandika, mdomo umefumba.”

Basi. Siku mkono ulipokomaa, Namnyaki alichukua mkaa akaandika nje ya mlango, pale pale katambuga zinaposimama. Loishiye akarudi na ng'ombe.

“Nini hiki?”

“Mwalimu katupa kazi ya nyumbani.”

“Ndiyo ukaifanye kwenye nyumba yangu!” Lakini hakuifuta. Angefuta nini, naye A na punda kwake ni mamoja?

Jioni ile katambuga zilikuja, zikasimama muda mrefu kuliko siku zote. Mbwa alikaa kitako. Hakulala. Namnyaki akajua: ameona kuwa amekumbukwa, ila bado hajaitwa.

Mambo yangeishia hapo kama si ibada ya jumuiya kwao. Namnyaki anasoma wimbo neno kwa neno, na mumewe kashika kitabu chake miguu juu. Mimi sina dhambi, niliuliza tu: “Kaka, hizo ni nyimbo za popo?” Nyumba nzima ikaangua kicheko. Jumanne iliyofuata Loishiye alikuwa benchi la mbele, na kofia na fimbo, kama mtu aliyekuja kununua shule.

Akapata kichaa cha kusoma. Alisoma mifuko ya sukari, alisoma mabati, angesoma hata ng'ombe kama wangeandikwa. Alhamisi moja walifundishwa nga, nge, ngi, ngo, ngu. Akarudi nazo njia nzima akizitafuna, ukungu nao ukimfuata kwa nyuma. Mimi nilikuwa kwenye benchi la kibarazani nakunywa chai. Akauvuta mlango ukafungika, akasimama mbele yake.

“Mama Silantoi! Njoo uone kama mimi ni wa kuchekwa!”

Namnyaki alikuwa amekwisha kusikia. Chap, chap, kwenye migomba. Akatoka jikoni mbio, mikono inatiririka maji. “Baba Silantoi, hapo usisome!”

“Kwa nini? Mlango wa nani?” Kidole kikatua kwenye ule mguu. “Le.”

Katambuga zikakunja kona ya nyumba.

“Nga.”

Zikasimama nyuma ya mgongo wake. Mbwa akanyanyuka.

“I. Le-nga-i. Lengai!”

Alilitamka kwa majivuno, kwa sauti, kisha likamfikia masikioni. Fimbo ikamtoka. Nilimwona akitaka kulirudisha kwa mkono, kama mtu aliyemwaga maziwa.

Namnyaki akamtazama mumewe, akatazama nyuma ya mumewe. Kisha akausukuma mlango ukafunguka wote.

“Ingia, mwanangu,” akasema. “Baba yako amekuita.”

Loishiye akapiga magoti pale kizingitini, akamwita tena, safari hii polepole, kwa kujua. Na hapo, sikiliza, hapo ndipo Mlima Meru ulipotikisika! Ukungu ukapasuka katikati kama shuka, ng'ombe wote toka Olmotonyi mpaka Kisongo wakalia kwa mpigo mmoja, ndege ikashindwa kutua, na mimi kwa macho yangu haya nikamwona kijana akiingia, mavazi meupe, anang'aa kama bati jipya, urefu wake unapita—

“Shemeji Thomasi!” Namnyaki mwenyewe huyo, katokea nyuma yetu. “Wewe ulikuwa chini ya benchi na chai imekumwagikia, ulimwona saa ngapi? Mlima haukutikisika. Mbwa alilala tu. Na hayo mavazi meupe umeyatoa wapi? Alivaa sweta lake la shule, lilikuwa bado limelowa.”