Gunzi la Saba

Siku ile naikumbuka kwa bega kwanza, mwanangu, kichwa kinafuata baadaye. Bunduki ya kupigia nyati ina teke baya, na asubuhi ile kule Kimamba nilikuwa nimekwisha kupigwa mateke sita. Bega limevimba, masikio yanalia, nami nacheka peke yangu kwa furaha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, askari wa wanyamapori wa kituo cha Kilosa, na nchi yetu ilikuwa bado changa. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanza, mashamba ya pamoja yanaanza, na mimi Yohana wa Mamboya nilijiona nami naanza, tena kwa kishindo.

Tulikuwa tumeletewa masanduku mawili ya risasi mpya kutoka ng'ambo. Ungeziona! Nzito, ndefu, zimevishwa shaba inayong'aa hadi unaona haya kuzishika kwa mikono michafu. Ilisemwa kwamba zikimwingia mnyama ncha zake hufunguka kama uyoga, na bado husonga mbele mpaka moyoni. Tuliagizwa tujaribu kumi. Zikitoka salama zote, masanduku yangekuwa yetu. Ikiharibika hata moja, yarudishwe Morogoro yalikopitia. Na atakayezijaribu ndiye angepewa kumpiga nazo mnyama wa kwanza. Hilo la mwisho ndilo lililoniwasha.

Maana mnyama mwenyewe alikuwepo. Nyati dume, mpweke na mwenye hasira, alikuwa amehamia katika shamba la pamoja la kijiji kimoja karibu na Mikumi. Alikwisha kumvunja mtu mbavu. Watu wakagoma kuingia kuvuna, na mahindi waliyoyalima kwa jasho la kijiji kizima yakawa yanaliwa huku wanatazama.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Sefu, mtu mfupi, mkavu, mwenye kandambili za matairi na maneno ya kupima kwa kijiko. Alianza kupiga nyati kabla mimi sijazaliwa, na bado alikuwa na viungo vyake vyote, jambo ambalo kwa kazi ile si dogo. Sikumwona akikimbia hata siku moja. Ukimwamkia "Shikamoo", "Marahaba" yake ilikuja baada ya muda wa kutosha kufunga kamba za viatu.

Sasa nikueleze alivyokuwa akijaribu risasi, maana humo ndimo yaliyonikuta yalimo. Watu wa shamba la mkonge walitupa marobota ya katani iliyokataliwa. Tukayalowesha siku mbili mpaka yakawa mazito kama nyama, tukayapanga moja nyuma ya jingine mbele ya kichuguu kikubwa. Mbele kabisa tulifunga mfupa wa bega la nyati, na kila risasi ikapata mfupa wake. Nikipiga, Mzee Sefu anakwenda polepole, anaziba tundu kwa gunzi la hindi lililoandikwa namba kwa mkaa. Risasi kumi, magunzi kumi. Baadaye unapasua robota, unaichimba risasi, unaiweka kwenye sinia pamoja na gunzi lake.

"Magunzi ya nini yote haya, Mzee?" nilimuuliza, maana nilikuwa na haraka ya kupiga nyingine.

"Usipoziba tundu," akasema, "baadaye utasimulia unachotaka, si kilichotokea."

Nikapiga zote kumi. Ulipofika wakati wa adhuhuri, Mzee Sefu akaenda kuswali kando ya banda la kukaushia katani, akaniachia kisu niendelee kuchimba. Loo, raha iliyoje! Ya kwanza ilitoka imefunguka vizuri ajabu, nzima. Nikaibusu. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Ilipofika ya sita nilikuwa nimekwisha kumuua yule nyati kichwani mwangu mara nne, na mara zote wasichana wa kijijini walikuwepo.

Nikapasua kwenye gunzi la saba. Haikufika hata nusu ya njia. Ilikuwa imegonga mfupa ikavunjika vipandevipande, na kilichobaki ni shaba tupu iliyochanika kama ganda la ndizi.

Mwanangu, sikufikiri sana, na sitakudanganya kwamba nilifikiri. Nilitazama kule bandani, nikaona mgongo wa Mzee Sefu umeinama anasujudu, nikakitia kile kipande katika mfuko wa shati nikafunga kifungo. Nikachimba zilizobaki tatu. Zote nzuri! Hiyo ndiyo iliyonipa moyo wa kukosea. Nikajiambia tisa ni nyingi, moja ni bahati mbaya.

Mzee Sefu aliporudi alilitazama sinia. "Ya saba iko wapi?"

"Imepita yote, Mzee. Imetoboa mpaka kichuguuni, imepotea."

Unaona uhodari wa uongo ule? Sikuificha risasi mbovu tu, nilitoka nayo imekuwa bora kuliko wenzake! Mzee Sefu akaenda kwenye kichuguu, akakipapasa kwa kiganja, taratibu, juu hadi chini. Nilisikia moyo wangu unagonga kwenye kile kipande mfukoni. Akarudi, akajifuta udongo. "Haya," akasema. Basi. Haya.

Kesho yake asubuhi tulikuwa Mikumi. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama ukingoni mwa shamba, akina mama na vikapu vyao, wazee na mapanga, mwenyekiti wa kijiji mbele. Tuliposhuka kwenye gari walipiga vigelegele, nami kichwa kikavimba kuliko bega. Nyati alikuwa ndani. Kinyesi chake kilikuwa bado kinafuka moshi.

Mzee Sefu akanipa risasi nne mpya. Kisha akachukua nne nyingine mpya, akaanza kuzitia katika bunduki yake mwenyewe.

"Mzee," nikasema, "wewe si utatumia zile zako za zamani?"

"Zimo garini. Wewe utapiga, mimi nitakuwa nyuma yako kukulinda. Umeniambia hizi hazina kasoro."

Ndani ya mahindi yale nyati angetutokea kwa hatua kumi tu. Risasi yangu ikivunjika begani kwake, iliyobaki ni ya Mzee Sefu, na ya Mzee Sefu nayo imetoka katika sanduku lilelile. Mzee yule alikuwa na mke na wajukuu pale Kilosa, mimi nimekula ugali wao! Akatangulia hatua tatu. Nne. Nilijua nikisema nitaaibika mbele ya kijiji kizima.

"Mzee, simama."

Akasimama. Nikafungua kifungo, nikatoa kile kipande, nikakiweka katika kiganja chake. "Ya saba," nikasema. "Haikupita. Ilivunjika kwenye mfupa."

Alikitazama. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aligeuka tu, akarudi garini mbele ya watu wote, nami nyuma yake nimeinamisha kichwa.

"Ndugu, vipi, mbona mnarudi?" mwenyekiti akauliza. "Mmeogopa?" Watu wakacheka.

"Tumesahau kitu," akajibu Mzee Sefu. Tumesahau! Akanichukulia nusu ya aibu yangu, nami sikuwa nimestahili hata robo.

Tukabadilisha risasi. Tulipoingia shambani nilifikiri atanipokonya nafasi, lakini alinisukuma kwa kiwiko niende mbele. Majani ya mahindi yalikuwa yanachakarika usoni. Tukasikia pumzi, ile pumzi nzito ya puani, kisha mahindi yakaanza kulala yenyewe kuja kwetu. Mwanangu! Kilitokea kichwa, pembe, kifua cheusi kama mlango, kinakuja! Nilipiga begani. Akapiga magoti, akainuka, akaja tena. Nikapiga ya pili, na hapohapo nikasikia bunduki ya Mzee Sefu ikilia pembeni ya sikio langu. Nyati akaanguka karibu kiasi kwamba vumbi lake lilinifunika viatu. Na Mzee Sefu, yule asiyekimbia, siku ile nilimwona akikimbia! Kisu mkononi, "Bismillahi, Allahu Akbar", akawahi kumchinja ili kijiji kizima kiweze kula.

Kelele zilizopigwa nadhani zilisikika Kidodi. Watu waliingia shambani wakivuna na kuimba, nyama ikagawiwa kila kaya, na yule mwenyekiti akanikumbatia mpaka nikaugulia bega.

Tulikaa pembeni ya gari tukila maini ya kuchoma. Ndipo nikauliza lililokuwa linanikereketa. "Mzee, jana kwenye kichuguu. Uliliona tundu?"

"Hapakuwa na tundu."

"Sasa kwa nini leo ulizitia kwenye bunduki yako?"

Akatafuna, akameza. "Nilisema labda macho yangu yamezeeka," akasema. "Nikaona afadhali niliamini neno lako kuliko macho yangu."

Nililia, mwanangu. Mtu mzima, askari mwenye sare, nimeshika ini mkononi, nikalia. Jioni ileile, kwa mkono wangu mwenyewe, niliandika katika taarifa kwamba ya saba imevunjika, na masanduku yale mazuri yakarudi Morogoro.

Basi wewe unayeanza kazi, iwe ya kupima dawa, maji, udongo au daraja, nisikilize. Hupewi kazi ya kupima ili ukisifie kitu. Umetumwa utafute pale kinapovunjikia, na ukipaona, papeleke mezani kwanza, kabla ya yale mazuri tisa. Utakipenda kitu unachokipima, hilo halina ubaya, mimi nilizibusu zile risasi. Lakini ziba kila tundu kwa gunzi lake. Na kama umekwisha kuficha, sema hata kama umefika ukingoni mwa shamba na watu wote wanakutazama, maana bado kuna hatua chache kabla ya mahindi.

Kipande kile ninacho hadi leo, kimo katika kopo la chai juu ya kabati. Mungu akupe bega la kuhimili mateke ya kazi, akupe furaha kama niliyokuwa nayo Kimamba, na akukuze uwe mtu ambaye mzee mwenye macho mazima anaweza kuliamini neno lake asipotee.