Siku Niliyomwaga Chanjo ya Surua

Siku yangu ya kwanza kazini, Musoma mjini, Bwana Afya wa Wilaya hakunipa sindano. Alinipa sanduku la barafu. "Kijana," alisema, "chanjo ya surua ikipata joto haimdhuru mtoto, lakini haimkingi tena. Barafu ikiyeyuka, mwaga." Nikaona ni jambo rahisi.

Nilipangiwa vijiji vya ujamaa upande wa Bunda. Miezi mitatu nilibishana na akina mama walioambiwa kuwa sindano zetu zinafunga uzazi. Hatimaye mwenyekiti wa kijiji akawatoa kwenye mashamba ya pamba wanisubiri. Siku hiyohiyo Landrova ikakwama matopeni, tukafika saa tisa alasiri. Nikafungua sanduku, nikakuta maji ya vuguvugu.

Niliogopa, siwafichi. Foleni ilikuwa ndefu. Nikiwachoma tu, nani angejua? Lakini surua ilishaingia kijiji jirani, na wazazi wangeamini watoto wamekingwa kumbe bado. Nikawaeleza, kisha nikamwaga vichupa vyote chini.

Mama mmoja aitwaye Nyamisi, ameshika mkono wa mwanawe mkubwa na mdogo yuko mgongoni, akanisogelea.

"Daktari, kama si sumu, unamwaga ya nini?"

"Imeharibika kwa joto, mama. Haina nguvu."

"Mbona ulikuwaga unatuambia ni salama?"

Wakaondoka wakinung'unika.

Barafu na gari vilipatikana tena baada ya mwezi. Mwenyekiti akanipokea na habari: yule mtoto mkubwa wa Nyamisi alikwenda kwa bibi yake kijiji jirani, akapata surua, akazikwa hukohuko. Nilitamani dereva ageuze gari.

Nyamisi alikuja wa kwanza. Hakunisalimu. Alitumbukiza mkono kwenye sanduku mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo muda mrefu.

"Leo kuna baridi," akasema. "Mchome huyu."

Mama wa nyuma yake naye akatumbukiza mkono, na wa nyuma yake. Toka hapo, kila nilipofika kijiji kile, hakuna mtoto aliyefunuliwa bega kabla mama yake hajagusa barafu.

Sasa nimestaafu, naishi Bweri, hapahapa Musoma. Wajukuu wakipelekwa kliniki nawasindikiza, namwomba nesi anifungulie sanduku niguse. Ananicheka, ananionyesha kipimajoto chake. Nagusa hivyo hivyo. Nyamisi hakuniambia kamwe kama alinisamehe, na miaka yote ile sikuthubutu kumuuliza.