Godoro Lililokunywa Dizeli

"Umesema umempelekea godoro lipi?"

"Lile la maua mekundu. Lilikuwa juu ya mengine, limejaa vizuri, nikaona hilo ndilo la kumpa mjomba."

"Mungu wangu! Umemuua mjomba wako!"

Mshona magodoro aliachia sindano, akaketi chini pwa, kama mzigo ulioshushwa vibaya. Mumewe, fundi wa magari, akacheka. Alidhani ni uchoyo tu.

Maana mkewe hajui kutupa kitu. Unyoya mmoja wa usufi ukimtoka dirishani, ataufukuza mtaa mzima, kuku wakimpisha njia. Wiki iliyopita pipa la dizeli lilipasuka gereji, mafuta yakateremka mtaroni kuelekea kijito wanachochota maji. Wanaume wakabaki wameshika viuno. Yeye akaja na magunia ya usufi, akaujaza kwenye vyandarua vikuukuu, akavilaza mtaroni kama chatu. Usufi una tabia yake: maji huyakataa, mafuta huyanywa. Ule ulikunywa dizeli mpaka, haki ya Mungu, ukacheua. Kijito kikapona. Watu wakampigia makofi, na mumewe akamwambia, "Huo uliolowa kauzike mbali."

Hakuuzika. Roho ilimuuma. Aliukamua, akaufua kwa sabuni, akauanika, kisha akaushindilia katikati ya godoro na kuufunika kwa usufi safi pande zote.

"Nilitaka tulilalie sisi wenyewe," alisema sasa. "Sisi hatuvuti sigara."

Kicheko cha fundi kikakatika. Mjomba huvutia sigara kitandani. Shuka zake zina matundu mengi kuliko chujio, na ndevu zake zimeshaungua hadi zimezoea.

"Saa hizi ameshakula," mke alisema. "Ndiyo saa yake ya kujinyoosha. Kimbia!"

"Nikamwambie nini? Mjomba, amka, umelalia tangi?"

"Mwambie nilikosea kipimo."

"Nenda wewe uliyelishona!"

"Nenda wewe uliyelibeba! Mjomba ni wako."

"Akijua huyo, mtaa mzima utajua, nao utapasua magodoro kuchungulia ndani. Nani atakuja kwako tena?"

Mke alichungulia dirishani kutafuta moshi, na kila jiko la jirani lililofuka alilidhani kitanda cha mjomba. Akilini alimwona mzee yule, aliyemlea mumewe tangu hajajua kufunga vifungo vya shati, akiwa amelala chali, kiberiti mkononi.

"Basi wasije," alisema. Akajitupia mtandio begani. "Naenda kumwambia kweli yote."

Kabla hajaugusa mlango, ulisukumwa kutoka nje.

Mjomba aliingia, godoro kichwani, jasho likimtiririka, sigara inawaka mdomoni.

"Nyie watoto," alisema, majivu yakidondoka juu ya lundo la usufi sakafuni, "hivi hili godoro mbona linanuka..."

Wote wawili walikuwa wakiyatazama majivu.